Mlango mmoja, alama nne: uchambuzi wa ukarabati wa mikwaruzo ya rangi ya gari nyumbani

Tuchukue mlango wa nyuma wa kushoto wa gari dogo la bluu iliyokoza, rangi ya metaliki, iliyopakwa kiwandani na ambayo haijawahi kurudiwa. Mlango una alama nne. Kuzunguka kitasa kuna utando wa mikwaruzo laini ya kucha na pete. Chini ya kitasa kuna mstari mwembamba wa sentimita 22 ulioachwa na tawi la kichaka, na mstari huo unakatiza mkunjo wa bati unaopita katikati ya mlango. Karibu na ukingo wa nyuma kuna baka jeupe lililotoka kwenye bampa la gari jingine. Sehemu ya chini, jirani na tairi, kuna mkwaruzo wa sentimita 6. Sentimita moja na nusu ya mwisho wake inaonyesha kijivu, na kwenye ncha kabisa kuna nukta ya kahawia.

Kuna tatizo la tano, nalo halikutoka barabarani. Mwenye gari alishausugua mstari wa tawi kwa dawa ya meno na upande mgumu wa sponji ya jikoni. Mstari bado upo, na sasa umezungukwa na ukungu wa ukubwa wa kiganja usioakisi mwanga.

Ukarabati mwingi wa nyumbani huharibika katika hatua hii. Mtu ananunua chupa moja ya polishi na kuisugua kila mahali kwa nguvu ileile, ilhali alama hizi ziko kwenye vina tofauti kabisa. Baka jeupe halimo ndani ya rangi hata kidogo. Limekaa juu yake. Utando wa kitasani na mstari wa tawi vimo kwenye tabaka la juu. Mkwaruzo wa chini umefika kwenye chuma. Kwa hiyo kabla ya kufungua chupa yoyote, jua kina cha kila alama, kisha amua uko tayari kutoa kiasi gani cha tabaka la juu ili kuifuta. Kiasi hicho kikishatoka hakirudi.

Unene tulio nao

Rangi ya kiwandani kwenye bati la mlango kwa kawaida ina mikroni 100 hadi 150 kwa jumla (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita), takriban unene wa karatasi moja ya kuandikia. Juu ya chuma kuna praima, yaani rangi ya msingi, ya kuzuia kutu, inayoshikizwa kwa umeme bodi zima likiwa limezamishwa kwenye birika, mikroni 20 hivi. Juu yake huja praima ya kujaza, mara nyingi ya kijivu, mikroni 30 hadi 40. Kisha rangi yenyewe, ambayo ndiyo nyembamba kuliko zote: mikroni 12 hadi 20. Mwisho ni tabaka angavu ambalo mafundi rangi huliita kliya, mikroni 35 hadi 50.

Kliya ndiyo inayong'aa, na ndiyo inayoizuia mionzi ya urujuanimno isiichome rangi iliyo chini yake. Ukiipunguza kupita kiasi, siku ya kazi hutaona dosari yoyote. Mlango utang'aa kama unavyotaka. Madhara huja baada ya misimu ya jua, kliya inapoanza kupauka, kupasuka na kubanduka. Ikifika hapo hakuna polishi ya kuirudisha, ni kupaka upya mlango mzima. Polishi ya kawaida ya kumalizia huondoa mikroni moja hadi tatu hivi. Msasa wa maji, yaani kusugua kwa msasa laini uliolowekwa, huondoa zaidi, na baada yake bado utahitaji polishi ya kufuta alama za msasa wenyewe. Mlango mmoja hauwezi kuvumilia kazi ya namna hiyo mara nyingi katika maisha yake.

Kupima kina

Kipimo cha kwanza ni maji. Mkwaruzo ulio ndani ya kliya huonekana mweupe kwa sababu kingo zake hutawanya mwanga, hata kama rangi ya chini ni salama kabisa. Ukiulowesha, maji hujaza ufa na mwanga hupita bila kutawanyika. Mkwaruzo unaopotea ukiwa umelowa na kurudi ukikauka umo kwenye kliya tu. Hapa utando wa kitasani unapotea wote, mstari wa tawi unapotea isipokuwa pale unapovuka mkunjo, na mkwaruzo wa chini haupotei.

Kipimo cha pili ni ukucha. Upitishe juu ya alama kwa pembe ya mraba, bila kukandamiza. Ukiteleza bila kuhisi kitu, polishi inatosha. Ukigota kidogo, huenda ukahitaji msasa wa maji, na huenda ukalazimika kukubali kwamba alama haitatoka yote. Ukinasa na kusimama, achana na wazo la kuifuta kwa kusugua. Sehemu hiyo itajazwa rangi.

Tatu, tazama rangi ya sakafu ya mkwaruzo, kwa kioo cha kukuza na mwanga wa tochi kutoka upande. Bluu iliyofifia maana yake kliya imetoboka na rangi imeguswa. Kijivu ni praima. Fedha inayong'aa ni chuma. Kahawia ni kutu iliyokwisha kuanza. Kama ingekuwa bampa la plastiki, ungekuta weusi au kijivu cha plastiki, na suala la kutu lisingekuwepo.

Ukipata kifaa cha kupima unene wa rangi, kitumie, lakini elewa kinachosema. Kifaa cha kawaida cha sumaku husoma jumla ya matabaka yote na hakikuambii kliya imebaki kiasi gani. Faida yake kubwa ni kufichua mlango uliowahi kupakwa upya. Ukisoma zaidi ya mikroni 200 kwenye gari ambalo sehemu nyingine zinasoma 120, pale pamerudiwa; ukisoma mia kadhaa au zaidi, chini kuna puti, ile lipu ya kujazia mabonde ya bati. Rangi iliyorudiwa kwa kawaida ni laini kuliko ya kiwandani, na huumia haraka kwa thina na kwa joto la kusugua.

Kwa magari ya zamani ongeza kipimo kimoja: sugua kompaundi kidogo (dawa ya kung'arishia yenye chembe za kusugulia) kwa kitambaa cheupe mahali pasipoonekana. Kitambaa kikichukua rangi ya gari, gari hilo halina kliya, na unachosugua ni rangi yenyewe. Kwenye mlango wetu kitambaa kinabaki cheupe.

Mpangilio wa kazi

Wengi hung'arisha kwanza, kwa kuwa ndiyo sehemu inayopendeza, kisha hujaza mkwaruzo wa chuma mwishoni. Huo ni mpangilio wa kinyume. Polishi huacha mafuta ndani ya ufa, na rangi ya kujazia haishiki juu ya mafuta. Pia, rangi iliyojazwa ikikauka lazima isawazishwe kwa msasa na kung'arishwa, kwa hiyo utalazimika kurudia polishi pale pale, na kliya italipa mara mbili. Mpangilio sahihi wa mlango huu ni kuosha, kutoa baka, kutibu kutu na kujaza, kusubiri siku kadhaa, kusawazisha, na ndipo kung'arisha mlango wote kwa mara moja.

Kazi ifanyike kivulini, bati likiwa limepoa, hewa ikiwa kati ya nyuzi 15 na 25 za Selsiasi. Kwenye bati la moto kompaundi hukauka kabla haijafanya kazi na rangi ya kujazia huunda ngozi juu huku chini ikiwa bado mbichi. Siku yenye unyevu mwingi hewani, kliya mpya inaweza kuingia ukungu mweupe.

Osha kwa shampuu ya magari, si sabuni ya vyombo, ukitumia ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuza glavu ya kuoshea kila baada ya kufuta eneo dogo. Mchanga ulionaswa kwenye glavu ndio uliochora sehemu kubwa ya utando unaouona kwenye magari yanayooshwa kila siku. Ukipitisha kiganja kwenye mlango mkavu na kuhisi chembe, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi pamoja na maji mengi ya sabuni, ukiukunja kila unapochafuka. Ukianguka chini, utupe. Chembe zilizouingia hazitoki. Malizia kwa kufuta mlango na spiriti ya isopropili iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, ili nta na mafuta ya zamani yaondoke. Usishangae mikwaruzo ikiongezeka baada ya hapo. Ilikuwapo, nta ilikuwa imeifunika.

Baka jeupe

Hili ni rahisi. Rangi ya bampa la mwenzako imebaki juu ya kliya yako. Lowesha kitambaa cha maikrofaiba kwa spiriti hiyohiyo, kishikilie juu ya baka kwa sekunde chache, kisha sugua kwa vidole viwili, ukigeuza upande safi mara kwa mara. Kilichobaki kitoe kwa kompaundi kidogo. Chini ya baka mara nyingi utakuta mchubuko hafifu, na huo utaondoka na polishi ya mwisho. Thina usiiguse. Kliya iliyookwa kiwandani inaweza kuvumilia mguso mfupi wa thina, lakini iliyorudiwa hulainika, na plastiki na mipira ya mlango huharibika.

Kutu na ujazaji

Nukta ya kahawia ni ndogo kuliko punje ya mchele, na ndiyo alama ya haraka kuliko zote. Mikwaruzo mingine inaweza kusubiri mwaka mzima bila madhara. Hii haiwezi, kwa sababu kutu hutambaa chini ya rangi nzima na kuinyanyua kabla hujaiona.

Zungushia mkwaruzo tepu ya karatasi ya mafundi rangi, ukiacha wazi upana wa milimita mbili tu. Kata duara dogo la msasa namba 400, lenye kipenyo cha milimita tatu, uligundishe kwenye ncha bapa ya penseli, na ukwangue nukta kwa kuzungusha penseli mpaka uone chuma safi. Ukitumia kipande kikubwa cha msasa kwa kidole utapanua jeraha la milimita moja kuwa la sentimita moja, kwa sababu kidole hakioni ukingo. Kwangua pia rangi iliyolegea pembeni; ukiiacha, rangi mpya itashika juu ya kitu ambacho chenyewe hakijashika.

Kama vimebaki vidoa vyeusi ndani ya vishimo vya chuma, weka tone la dawa ya kugeuza kutu kwa kijiti cha meno, kwenye chuma tu. Fuata muda wa kwenye chupa, na kama dawa ni ya asidi ya fosfori, ifute na isuuze kama maelekezo yanavyotaka. Mabaki yake yakifungiwa chini ya praima, praima haitashika. Kausha vizuri na ufute tena kwa spiriti.

Sasa praima: tone moja jembamba, juu ya chuma na kijivu kilichofunuliwa, kwa kijiti cha meno au brashi ya msanii yenye nywele chache. Brashi inayokuja ndani ya kifuniko cha chupa ni nene mno kwa mkwaruzo wowote mwembamba, na ndiyo inayozaa yale madonge yanayoonekana kutoka mbali kuliko mkwaruzo ulivyokuwa. Iache ikauke saa moja hivi, au zaidi kama chupa inasema hivyo.

Rangi yenyewe inunuliwe kwa kodi ya rangi ya gari, yaani namba ya kuitambulisha rangi hiyo, si kwa kukisia kwa macho. Kodi huandikwa kwenye kibandiko au kibati kwenye nguzo ya mlango wa dereva, chini ya boneti, au kwenye shimo la tairi la akiba, kutegemea mtengenezaji. Hata ukiwa na kodi, jaribu kwanza. Kodi moja inaweza kuwa na vivuli kadhaa, na gari lililokaa juani miaka mingi limeshabadilika. Paka rangi kwenye kipande cha plastiki angavu, iache ikauke, weka kliya juu yake, kisha ishikilie kando ya mlango kwenye mwanga wa mchana ulio kivulini. Rangi ya metaliki ikiwa mbichi, au ikiwa kavu bila kliya, hudanganya.

Metaliki ina ugumu mwingine unaopaswa kujulikana mapema. Ndani yake kuna vipande vidogo vya alumini. Rangi ikipulizwa kiwandani, vipande hivyo hulala bapa kwa mpangilio mmoja. Ikipakwa kwa brashi, husimama kila kimoja upande wake. Ndiyo maana kijazo cha metaliki huonekana kufanana ukisimama mbele yake, na kuwa cheusi zaidi ukihama hatua mbili pembeni. Hili halitibiki kwa kuongeza rangi. Unaweza kulipunguza kwa kudonoa badala ya kupaka: gusa na kuinua, gusa na kuinua, tabaka jembamba sana, ukiifanya rangi itiririke yenyewe ndani ya ufa. Tikisa chupa dakika mbili kamili kabla ya kuanza na uitikise tena katikati ya kazi, maana vipande vya alumini huzama chini upesi.

Tabaka mbili au tatu zinatosha, kila moja ikipewa dakika 20 hadi 30. Simama rangi ikiwa bado chini kidogo ya usawa wa mlango. Wengi hukosea hapa kwa kujaza rangi mpaka juu. Kliya haipati nafasi, na wakisawazisha kwa msasa wanakata rangi yenyewe, metaliki inabaki wazi, na ndani ya ufa panatokea doa la kijivu lisilong'aa. Nafasi iliyobaki ni ya kliya: tabaka mbili au tatu, kwa nusu saa hadi saa moja kati yake, mpaka kijazo kisimame juu kidogo ya usawa. Ondoa tepu kabla tabaka la mwisho halijakauka kabisa, ukiivuta polepole kwa kuikunja nyuma juu yenyewe, ili isinyanyue ukingo.

Baada ya hapo ni kusubiri. Saa 24 ni kima cha chini, na siku tano hadi saba ni bora zaidi. Rangi hizi za chupa hukauka kwa kimiminika chake kuvukiza, na kadiri kinavyotoka ndivyo kijazo kinavyosinyaa. Ukisawazisha siku inayofuata, wiki ijayo utaona bonde pale palipokuwa sawa. Kama kimesinyaa chini ya usawa baada ya siku chache, ongeza kliya na uanze kuhesabu upya. Kuongeza ni rahisi kuliko kurudisha kliya ya mlango uliyoikata kwa haraka.

Mtu anaweza kuuliza kwa nini asitumie kopo la kupulizia. Kwa alama ya sentimita moja na nusu, kopo linakulazimisha kupaka eneo kubwa mara nyingi zaidi ya jeraha na kulifichia kingo zake, jambo ambalo kwa metaliki huishia kuhitaji mlango mzima. Na kliya za kopo zenye kigumishi huwa na isosianeti, kemikali inayoweza kusababisha pumu; hazifai kupulizwa kwenye ua wa nyumba na mtu aliyevaa barakoa ya vumbi.

Kusawazisha kijazo

Bandika tepu pande zote mbili za kijazo, karibu kabisa nacho, ili kipande cha msasa kitembee juu ya tepu na kukata kile tu kilichosimama. Msasa ni namba 2000, uliolowekwa dakika 10 hadi 15 kwenye maji yenye tone la shampuu, ukiwa umefungwa kwenye kipande kigumu cha mpira cha sentimita moja na nusu kila upande. Usitumie kidole kitupu. Kidole hubonyea na kuchimba pembeni ya kijazo badala ya kukipunguza. Sugua mara tano au sita bila kukandamiza, futa, kausha, tazama. Maji ya msasa yawe meupe. Yakigeuka bluu umevuka kliya na kufika kwenye rangi. Acha mara moja, kausha, ongeza kliya.

Kijazo kikiwa sawa na tepu, ondoa tepu na umalizie kwa msasa 2500, kisha 3000, kwa mikono myepesi zaidi. Eneo litabaki na ukungu sawasawa usio na nukta zinazong'aa. Nukta inayong'aa ni sehemu ya chini ambayo msasa haujaifikia. Mkwaruzo wetu ukibakiza nukta moja ndogo ya namna hiyo, iache. Kuifukuza kutagharimu kliya ya pande zake zote.

Sentimita nne na nusu zilizobaki

Mkwaruzo wa chini una sehemu nyingine ambayo haikufika kijivu. Maji hayaupotezi wote na ukucha unagota, lakini haunasi. Uamuzi mgumu wa kisa hiki upo hapa. Kuufuta kabisa maana yake ni kuishusha kliya yote inayouzunguka mpaka usawa wa sakafu yake, na hatujui chini ya sakafu hiyo imebaki mikroni ngapi.

Ushauri wetu ni kutoufuta. Kinacholivuta jicho ni kingo kali za mkwaruzo, si kina chake. Pitisha msasa 2500 au 3000, ukiwa umelowa, kwa mistari mifupi inayofuata urefu wa mkwaruzo, mara nane hadi kumi, kisha ng'arisha. Kingo zitakuwa za mviringo, mwanga hautavunjika pale tena, na alama itaonekana tu kwa mtu anayejua ilipo na anayeinama kuitafuta. Fundi mzuri wa nyumbani hujulikana kwa mikwaruzo aliyoamua kuibakiza, na ushauri huu hupuuzwa kuliko mwingine wote, kwa sababu hamu ya kuona bati safi ni kubwa.

Ukungu wa dawa ya meno, utando wa kitasani, mstari wa tawi

Dawa ya meno ina chembe za kusugulia zilizokusudiwa meno, na upande mgumu wa sponji una chembe za kukwangulia sufuria. Chembe hizo hazivunjiki kuwa laini zaidi kadiri unavyosugua, kama zinavyofanya za kompaundi nyingi za magari, kwa hiyo kila mkwaruzo unaofutwa huachiwa mamia mengine mahali pake. Habari njema ni kwamba ukungu huu hauna kina. Maji yanaupoteza wote.

Mstari wa tawi ukivuka mkunjo wa bati, bandika tepu juu ya mkunjo kwa urefu wake wote. Kwenye kingo kali rangi huwa nyembamba kuliko kwenye bapa, na pedi hukandamiza sehemu ndogo kwa nguvu kubwa; kliya hutoboka hapo kwa sekunde chache. Sehemu ya mstari iliyo juu ya mkunjo itashughulikiwa mwishoni, bila tepu, kwa polishi laini na kidole kimoja kilichovikwa kitambaa, na haitapotea yote.

Kwa mkono, weka matone matatu madogo ya kompaundi ya wastani kwenye pedi ya sponji, fanya kazi eneo la sentimita 30 kwa 30 na si zaidi, kwa mistari inayopishana: kwenda mbele na nyuma, kisha juu na chini. Mizunguko ya mkono huacha alama za duara ambazo jua huzionyesha zote. Endelea dakika mbili au tatu mpaka kompaundi iwe utando mwembamba, ifute, kisha futa kwa spiriti kabla ya kuhukumu. Mafuta ya kompaundi hujaza mikwaruzo kama maji yanavyofanya, na mtu asiyefuta kwa spiriti hufurahia kazi ambayo mvua ya kwanza itaifuta. Kwa sababu hiyohiyo, dawa za kunyunyiza na mafuta ya kulegeza kutu yanayosifiwa kuondoa mikwaruzo hayaondoi chochote. Yanailowesha tu kwa muda.

Rudia mara mbili au tatu. Mwangaza wa tochi kutoka pembeni ukionyesha ukungu umekwisha lakini kuna vimistari hafifu vya kompaundi yenyewe, hamia kwenye polishi ya kumalizia na pedi laini mpya. Usitumie pedi ileile; chembe kubwa zimebaki ndani yake.

Mashine hurahisisha kazi, mradi iwe ile ambayo pedi yake huzunguka na kuyumba kwa pamoja. Ile ya mzunguko mmoja tu hukata haraka na kupasha bati moto, na mikononi mwa asiyeizoea huacha mawimbi ya mwanga au hutoboa. Tandaza kompaundi kwa kasi ndogo, panda hadi kasi ya kati, sogeza mkono sentimita mbili hadi tatu kwa sekunde, kila njia ikifunika nusu ya iliyotangulia, mara nne hadi sita. Gusa bati mara kwa mara kwa kiganja. Likiwa vuguvugu endelea, likikuchoma simama. Juu ya kijazo kipya usipitishe mashine kabisa. Rangi ya chupa ni laini kuliko kliya ya kiwandani, na joto la pedi huing'oa ukingoni. Hapo tumia mkono.

Baada ya kazi

Sehemu iliyong'arishwa tu inaweza kupakwa nta siku hiyohiyo. Kijazo kiachwe siku 30 bila nta, ili kimiminika kilichobaki kiendelee kutoka, na wiki mbili za kwanza kisipigwe na maji ya presha kutoka karibu. Kinyesi cha ndege na utomvu wa miti vikidondokea hapo vioshwe siku hiyohiyo.

Kagua ncha ya mkwaruzo wa chini baada ya mwezi mmoja, na tena baada ya msimu wa mvua. Ukiona kivimbe kidogo, au rangi ya kahawia inapenya pembeni, kutu haikwisha chini. Kuongeza rangi juu yake ni kuifungia ndani. Kwangua kijazo chote mpaka chuma cheupe na uanze upya tangu dawa ya kutu. Kivimbe kikipita milimita tano, au kukiwa na vingine jirani, kutu imeshatambaa chini ya rangi nzima, na mlango huo unahitaji fundi mwenye uwezo wa kukwangua eneo kubwa na kupuliza upya.